Meli Isiyojua Kugoma

Baroni Carl Claus von der Decken alikuwa hodari wa kurudi nyuma, na kwa muda wote aliokubali kurudi nyuma alikuwa hai. Mwaka 1860 alitoka Kilwa akilitafuta Ziwa Nyasa, ambako Mjerumani mwenzake, Albrecht Roscher, alikuwa ameuawa mwaka huohuo. Hakufika. Njia ilikuwa na upinzani, msafara wake mwenyewe ukamgomea, akarejea Pwani mikono mitupu. Mwaka 1861 akajaribu Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia wa Kiingereza; waliishia kiasi cha mita 2,500, mvua ikawashusha. Mwaka uliofuata akaurudia mlima na Otto Kersten, wakafika kama mita 4,300 hivi kabla baridi na pumzi havijawashinda. Katika safari hiyohiyo alitaka kupenya nchi ya Wamaasai. Wamaasai wakamfungia njia, naye akageuza.

Ukiipitia orodha hiyo kwa haraka utasema huyu ni mtu wa kushindwashindwa. Ulaya hawakumwona hivyo. Vipimo alivyoleta yeye na Kersten viliwanyamazisha mabingwa wa mezani waliokuwa wakimcheka Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, kwa kusema mwaka 1848 kwamba ameona mlima wenye theluji karibu na ikweta. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London ikampa baroni medali ya dhahabu. Alipewa kwa mlima ambao hakufika kileleni kwake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kila mara aliporudi, kulikuwa na mtu wa kumrudisha. Safari za bara za karne ile zilikwenda kwa miguu na vichwa vya watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili sitini au sabini, na mpagazi alikuwa na silaha moja ambayo hakuna bunduki ya Ulaya iliyoweza kuijibu: kuutua mzigo chini. Akishautua, safari imesimama. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, naye akisema leo hatuendi, mbele kuna vita, au posho haitoshi, au wenye nchi hawajapokea hongo yao, basi mzungu atafoka, atatishia, mwisho atakaa chini ya mti asubiri. Vitabu vya wasafiri wale vimejaa malalamiko juu ya wapagazi wavivu, waoga, watoro. Mimi nikivisoma huona jambo jingine: watu wanaoijua njia wakimwambia asiyeijua kwamba hapa pana kifo. Wengine kweli walikuwa wavivu, sikatai. Lakini mgomo wa mvivu na mgomo wa mjuzi yote miwili ilimfikisha baroni nyumbani salama.

Basi baada ya medali akaja na hesabu mpya. Ataingia bara kwa mto. Mto Juba unatoka katika milima ya Ethiopia na kumwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Kismayo, na Ulaya wakati huo haikujua sawasawa unapita wapi. Akaagiza meli ya moshi ya chuma, jina lake Welf, ikaletwa Zanzibar vipande vipande na kuungwa huko, pamoja na nyingine ndogo iliyoitwa Passepartout. Akakusanya maofisa, fundi wa mitambo, daktari, mchoraji. Kwa hesabu ya karatasini ilikuwa mipango mizuri mno. Meli inabeba chakula chote, silaha zote na vitanda vyote. Haihitaji wapagazi mia mbili. Haina mtu wa kutua mzigo.

Mwishoni mwa Julai 1865 walikuwa mbele ya mlango wa Juba.

Anayeijua pwani hiyo atauliza kwanza: Julai? Huo ni moyo wa kusi. Kuanzia Kismayo kuelekea kusini hadi Ras Kamboni kuna msururu wa visiwa vya Wabajuni, vimejipanga sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogovidogo, huku miamba ya matumbawe ikivikinga upande wa bahari kuu. Ndani ya kinga hiyo mashua hupita kwa amani nyingi kuliko nje, lakini hata humo wenyeji wana miezi yao. Kusi ikikaza, bahari ya nje inafungwa. Vyombo vinapandishwa, vinapakwa sifa, nyavu zinatengenezwa, harusi zinapangwa. Hakuna Mbajuni anayeona haya kukaa pwani miezi hiyo, wala hakuna anayemwita mwenzake mwoga kwa kutotoka.

Na hawa si watu wa kuogopa maji. Wabajuni ndio waliosifika kwa kuvua kasa kwa kumtumia samaki, ufundi ambao wageni wa karne ya kumi na tisa waliushangaa na kuuandika. Samaki huyo ni chazo, yule mwenye kikombe cha kufyonzea juu ya kichwa, anayenata kwenye papa na vyombo. Mvuvi humfunga kamba mkiani, akamweka majini kando ya mashua, akakaa. Kasa akizuka kuvuta pumzi, chazo anaachiwa. Anakwenda mwenyewe, ananata kwenye gamba, na mvuvi anaanza kumvuta kasa polepole, akilegeza pale kasa anapotaka kuzama, akikaza anapochoka. Ukivuta kwa nguvu, chazo anabanduka au kamba inakatika, na mchana mzima umepotea. Kama unatafuta shindano la ustahimilivu katika pwani hii, lilikuwapo karne nyingi kabla ya mtu kuvaa namba kifuani, na ushindi wake ulikuwa katika kujua lini usivute.

Mlango wa Juba una fungu la mchanga lililokaa katikati kama kizingiti. Maji ya mto, mekundu kwa udongo, yanatoka. Mawimbi ya kusi yanaingia. Yanapambana hapohapo juu ya fungu, na njia yenye kina inahamahama. Nahodha mwenyeji husubiri maji yajae na upepo utulie, au hutia nanga Kismayo penye kinga na kuliacha suala la mto hadi msimu ugeuke. Msafara wa baroni ulilivuka fungu kwa nguvu ya moshi. Welf ilipita. Passepartout ilipotea palepale mlangoni.

Hapo ndipo ninapotamani kumshika shati. Nusu ya vyombo vyako vimekwisha na hujauanza mto. Kwa mpango wowote wa busara, meli ile ndogo ndiyo iliyokuwa ya kutangulia kupima kina na ya kukuokoa kubwa ikikwama. Kilwa au Kilimanjaro, hasara kama hiyo ingewafanya wapagazi wafunge virago usiku, na baroni asubuhi angekuwa anarudi Pwani akiwalaani. Mtoni hakuna aliyefunga virago. Welf ilirekebishwa, kuni zikakatwa, moshi ukatoka.

Juba ya chini wakati ule haikuwa pori tupu. Katika misitu ya Gosha walikwisha kukaa watu waliojikomboa kutoka katika utumwa wa mashamba ya pwani ya Benadir, wengi wao Wazigua wenye asili ya upande wa Tanga, na Kizigua chao bado kinasemwa huko hadi leo. Kwa hiyo mtu aliyetaka habari za mbele angeweza kuzipata kwa lugha ambayo ni jirani na Kiswahili. Na habari kubwa ya mbele ilikuwa Bardera.

Bardera iko kiasi cha kilomita 300 kutoka baharini ukipima kwa rula kwenye ramani, na mbali zaidi sana kwa mikunjo ya mto. Mji huo ulianzishwa mwaka 1819 kama mji wa jamaa, yaani watu wa dini waliojitenga na dunia kuishi kwa sharia. Ukakua, ukapata nguvu, mwaka 1840 ukaivamia Barawa. Miaka mitatu baadaye Sultani Yusuf Mahamud wa Geledi akaja na majeshi yake akauzingira na kuuteketeza. Watu walirudi baadaye wakaujenga tena. Mwaka 1865, kila mzee wa Bardera alikuwa ameuona mji wake ukiungua. Mji wa namna hiyo unamtazama mgeni kwa jicho gani, tena mgeni wa dini nyingine, anayekuja na chombo cha chuma kinachotema moshi na kujaa bunduki? Barua ya utambulisho ya Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, ilikuwa na uzito Lamu, na Barawa ilisomwa kwa heshima. Kadiri mto ulivyopanda ndivyo barua ilivyozidi kuwa karatasi.

Baroni alifika Bardera katika nusu ya pili ya Septemba. Kufika huko kwa meli ya moshi peke yake kulikuwa ni jambo ambalo hakuna Mzungu aliyewahi kulifanya. Angegeuza hapo, angerudi na ramani ya mto na pengine medali ya pili. Lakini juu ya Bardera mto ulikuwa bado unaendelea, na mtambo ulikuwa bado unafanya kazi.

Mwendo mfupi juu ya mji, penye maporomoko, Welf iligonga mwamba ikatoboka. Wakapiga kambi ukingoni. Baroni na daktari wake, Hermann Link, wakateremka na mto kurudi Bardera kutafuta msaada katika mji uleule waliokuwa wameupita. Huku nyuma kambi ikavamiwa, Wazungu wawili wakauawa. Waliosalia wakaingia katika mashua wakaufuata mto hadi baharini. Tarehe 2 Oktoba 1865 von der Decken akauawa Bardera, na Link naye hakutoka. Baroni alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Maji usiyoyafika hujui kina chake, wanasema wahenga, na wengi wangemaliza kisa kwa methali hiyo. Kwangu haitoshi. Baroni hakuwa mjinga wa maji asiyoyafika. Maisha yake yote ya Afrika yalikuwa ni kufika kwenye maji hayo na kugeuka pale ilipobidi. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alikuwa amenunua chombo ambacho hakikuwa na namna ya kumkatalia. Mtambo wa moshi ukipewa kuni unasukuma. Hauulizi wenye nchi wamesemaje, haukumbuki Passepartout, hauoni jinsi watu walivyosimama kimya ukingoni. Maofisa wake walikuwa wanajeshi waliozoea kutii. Watumishi na mabaharia wa Zanzibar waliomo melini hawakuwa na mzigo wa kutua, na hata wangeutua, wangeutua wapi, katikati ya mto?

Kisa hakikuishia kwake. Mama yake hakukubali kuomboleza bila uhakika. Richard Brenner, mmoja wa walionusurika, alirudi pwani hii kutafuta habari. Akatumwa pia Theodor Kinzelbach, akafia Mogadishu mwaka 1868. Marehemu akawa amemvuta aliye hai. Kersten akachapisha habari za safari zote katika juzuu kadhaa, na wataalamu wa wanyama wakampa baroni ukumbusho wake: kuna hondohondo wa nyika za Afrika Mashariki anayeitwa kwa jina lake, na kuna lemuri mkubwa mweupe wa Madagaska. Mabaharia wa Zanzibar hawakupewa hata shomoro.

Mwaka 1892 ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, F. G. Dundas, aliupanda Juba kwa meli nyingine ya moshi, Kenia, hadi Bardera na maporomoko yaliyo juu yake. Akageuza, akarudi. Maporomoko hayakuwa yamepungua ukali kwa miaka ishirini na saba.

Siku hizi safari za kujipima nguvu ni biashara kubwa duniani. Watu wanapiga makasia kuvuka Atlantiki, wanakimbia jangwani Moroko wakiwa na chakula chao mgongoni, wanazunguka dunia kwa matanga. Kilimanjaro, mlima uliomrudisha baroni mara mbili, hupandwa na maelfu kila mwaka, na sheria ya Tanzania hairuhusu mgeni kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Jioni kambini kiongozi anapita na kile kidude cha kubana kidole, anasoma kiwango cha oksijeni, anakuuliza kichwa kinauma wapi, umekula nini. Akiona hali si nzuri, kazi yake ni kukuteremsha hata kama umelipa dola elfu tatu na umebakiza nusu siku. Huyo ndiye mpagazi wa zamani aliyepewa cheti. Ninachokihofia ni bakshishi. Kiongozi yuleyule anategemea bahasha ya mwisho wa safari, na mgeni aliyeteremshwa kwa lazima huwa mzito wa kutoa. Mtu ambaye riziki yake iko mkononi mwako anakukataliaje?

Baharini haja ya mtu wa kukukatalia ilionekana wazi zaidi miaka ile ya maharamia. Oktoba 2009 mume na mke wa Kiingereza waliotoka Shelisheli kwa boti yao ya matanga kuelekea Tanzania walitekwa, wakashikiliwa Somalia siku 388. Februari 2011 Wamarekani wanne waliokuwa wakizunguka dunia walitekwa upande wa Oman na kuuawa siku chache baadaye, ilhali manowari za nchi yao zilikuwa karibu. Walikuwa na redio na ramani za setilaiti, vitu ambavyo von der Decken asingeviota. Mashine ya kuonyesha njia huonyesha njia yoyote utakayoiomba.

Mwaka huohuo wa 2011 mbio kubwa za matanga za Volvo zilikuwa zipite Bahari ya Hindi, kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Manahodha wale ni wa kiwango cha juu kabisa duniani, na nina hakika wapo ambao wangejaribu. Waandaaji waliwakatalia. Boti zilishindana hadi bandari iliyofanywa siri, zikanyanyuliwa kwa winchi, zikafungwa juu ya meli ya mizigo yenye walinzi, zikavushwa hadi karibu na Sharjah, zikateremshwa tena kumalizia kipande kilichobaki. Boti za kasi kubwa namna ile zikisafirishwa kama mtumba. Groupama ya Ufaransa ilitwaa ubingwa huko Galway, Ireland, Julai 2012, na jina lake limo katika orodha ya washindi kama majina mengine yote.

Kiwayu ni kisiwa cha Wabajuni upande wa Kenya, mwendo mfupi kusini ya mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia katika hoteli moja ya ufukweni huko, wakamuua mgeni wa Kiingereza na kumchukua mkewe hadi Somalia, alikoachiwa Machi mwaka uliofuata. Tarehe 1 Oktoba wakamchukua mama wa Kifaransa kutoka Manda. Alifia mikononi mwao. Hawa hawakuwa wakijipima nguvu na mtu, walikuwa wamelala, na lawama haiwahusu. Ninawataja kwa sababu ya yaliyofuata. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka, na mwaka mmoja baadaye Kismayo ikatoka mikononi mwa Al-Shabaab. Wageni wakaikwepa Lamu, hoteli zikafungwa, mabalozi wakaandika maonyo, kila mtu akarudi kwao.

Wabajuni hawakuwa na kwao kwingine kwa kurudi. Wale wa visiwa vya Somalia wengi walikuwa wamekwisha kuporwa na kufukuzwa tangu vita vya 1991, wakatapakaa Mombasa na kwingineko. Wale wa Kenya wakapigwa marufuku kuvua usiku, marufuku iliyodumu miaka, kwa sababu askari wa doria gizani hawezi kumtofautisha mvuvi na mtekaji. Samaki wengi wa nyavu hushikwa usiku. Mchana, maji yakiwa meupe, wanauona wavu wanaupita. Kwa hiyo familia zilizokaa hapo vizazi na vizazi, zilizojua kila fungu na kila mlango, zilikatazwa bahari yao na watu ambao hawajawahi kuikalia hata msimu mmoja, na mgeni anayekuja leo kutafuta nahodha wa kumpeleka kaskazini ya Kiwayu atawakuta vijana wao wakiendesha bodaboda.